Jiwe Ambalo Meitamei Hakuliuza

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Mume wangu Khisa husema ulimi wangu ungekuwa unalipwa mshahara, tungeshajenga ghorofa. Lakini habari ya Rebecca, jirani yangu wa Kitengela, nimekaa nayo miaka bila kuisimulia, kwa sababu kila nikianza nakasirika, na nikikasirika naharibu. Leo nitajaribu kwenda polepole.

Tulihamia Kitengela mwaka wa 1993, mimi, Khisa na binti yetu Cindy. Kwetu ni upande wa Bungoma, ila tulikuwa tumepitia chumba kimoja cha kupanga Nairobi, na tuliona Kitengela ni pahali pa kupumulia. Khisa alitoka alfajiri kwenda kazini mjini na kurudi jioni na vumbi hadi kwenye nyusi. Mimi nilibaki na upepo, na nyumbu waliopita nyuma ya nyumba mvua ikinyesha, na jirani mmoja tu wa karibu. Huyo ndiye Rebecca, mke wa Timothy Meitamei. Tulimwita Mama Nailantei kwa jina la binti yake wa pekee, ambaye alikuwa ameolewa Matasia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Siku ya kwanza alinijia na kibuyu cha maziwa akasema, "Takwenya." Nikamjibu, "Mzuri sana." Mabega yakaanza kutikisika. Akanifundisha papo hapo kwamba mwanamke akiamkiwa hivyo hujibu "Iko."

Timothy naye alikuwa mtu wa watu. Kofia yake ya manyoya aliivaa hata jua likiwaka, na hadithi zake zilikuwa ndefu kuliko barabara ya Namanga. Alikuwa na kasoro moja tu, hakujua kukataa. Miaka hiyo wanunuzi wa ploti walikuwa wakija kila wiki, wakisifu ng'ombe wake na kunywa chai yake, na wakiondoka, Timothy ameuza. Aliuza upande wa barabara, akamwambia mkewe kwamba upande wa kisima hataugusa. Mvua iliyofuata kisima kilikuwa ndani ya ua wa mtu mwingine. Akaapa kwamba malisho ya ndama yatabaki. Malisho yakaota nyumba za mawe na mabati mekundu. Rebecca alikuwa akijua kama sisi wengine tulivyojua, kwa kuona watu wanachimba mashimo ya nguzo.

Mimi ningepiga kelele hadi chifu aje. Yeye alisema tu, "Sio mtu mbaya, Mama Cindy. Iko tu na mdomo ya kusema ndio."

Sasa nifike kwenye jiwe. Nyuma ya nyumba yao, kabla ya korongo linaloteremka kuelekea mtoni, palikuwa na jiwe kubwa, lililomzidi mtu kimo, na urefu wake ungelingana na lori. Upande unaotazama korongo ulikuwa na madoa ya rangi ya majivu yenye ukijani kwa mbali, na ndani ya madoa kulikuwa na vikombe vidogo vya rangi ya kutu, vidogo kama vichwa vya pini. Cindy aliyaita upele wa mawe. Mimi sikuyaita kitu, maana kusema kweli sikuwa nimeyaona. Kiswahili chetu cha bara hakina jina la vitu hivyo, na sidhani kuna mtu aliyewahi kulihitaji.

Mwaka wa 1995 alikuja Omolo. Alikuwa mtu wa makumbusho, Mjaluo mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Rebecca alimkuta amepiga magoti mbele ya jiwe, kichwa kimeinama, akadhani anasali. Kwa heshima akasimama kando kumsubiri amalize. Alisimama mpaka miguu ikamuuma, kisha akagundua kwamba yule bwana anaangalia jiwe kwa lenzi.

Ndipo tulipopata jina, laikeni. Omolo alituelezea tukiwa tumekaa kwa Rebecca na vikombe vya chai mkononi. Alisema ule si mmea mmoja. Ni viumbe wawili wanaoishi pamoja, kuvu na mwani. Kuvu hujenga nyumba na kuishikilia kwenye jiwe, mwani hukaa ndani na kupika chakula kwa jua.

"Kama ndoa," Rebecca akasema.

"Kama ndoa kabisa, mama. Ukiwatenganisha, hiyo laikeni haiko tena."

Timothy akauliza, "Na ng'ombe ni za nani?" Tukacheka mpaka Omolo akavua miwani kufuta macho.

Kisha akatuambia kilichomleta. Laikeni za kawaida ziko kila mahali, lakini hii yenye vikombe vya kutu alikuwa ameitafuta kuanzia Ngong hadi Namanga, na aliipata mahali patatu tu. Pa kwanza ni mwamba wa Kona Baridi, pale juu ya mteremko wa kwenda Magadi. Pa pili ni kilima kimoja karibu na mji wa Kajiado, na pa tatu ni hapo kwa Timothy. Alikuwa amesumbuka kujua kwa nini pale na si pengine. Jibu alilolipata ni kwamba inataka mambo mengi kwa pamoja. Inataka jiwe lisilosogea na upande usiochomwa na jua la mchana. Inataka ukungu wa asubuhi, na korongo letu lilikuwa likiutoa mtoni miezi ya baridi na kuulaza juu ya jiwe. Inataka hata pimbi waliokaa juu, maana mvua ikinyesha mkojo wao hutiririka ukailisha. Na inataka hewa safi, kwa sababu haina mizizi, kila inachokula inakitoa hewani. Ikikosa kimoja tu, inakufa. Ikipata vyote, inakua kwa mwaka mmoja unene wa uzi wa kushonea.

Kitu cha kudekezwa namna ile mimi ningekipa talaka. Rebecca yeye alisikiliza kama mtu anayesomewa habari za ndugu yake.

Kuanzia siku hiyo alilitunza jiwe. Mbuzi waliokuwa wakijikuna pale walihamishwa. Nguo hazikuanikwa tena juu yake, hata zangu, na mimi nilikuwa nimezoea. Maji ya sabuni yalimwagwa upande mwingine wa boma. Moto wa takataka uliwashwa tu upepo ukielekea mbali. Kila mwaka, ukungu wa Julai ukiisha, Omolo alikuja na karatasi ya plastiki inayoonyesha, akaibandika juu ya doa na kuchora ukingo wake kwa kalamu nyeusi, ili aone umesogea kiasi gani. Rebecca alimshikia upande mmoja wa plastiki. Timothy alisimama nyuma akimtania mkewe kwamba amepata mume wa pili, ambaye hata ng'ombe hana.

Ni katika ziara ya pili ya Omolo ndipo Rebecca alipoitoa ahadi mdomoni mwa mumewe. Tulikuwa hapo mimi, Khisa na Omolo. Aliweka birika chini akasimama.

"Baba Nailantei, hii jiwe na hapo imekaa, sema mbele ya hawa watu hutauza."

Timothy akacheka. "Nani atanunua jiwe?"

"Sema."

"Sitauza. Ni yako."

Mimi nilitazama pembeni, maana ahadi za Timothy tulikuwa tumezishiba. Tukirudi kutoka kumsindikiza Omolo nilimuuliza Rebecca kwa nini anajisumbua kwa ajili ya upele. Akasema, "Sio upele nataka, Mama Cindy. Nataka aniambie kitu moja na ikae."

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipokosea kumhukumu yule mzee. Mvua za El Nino zilipokuja, mwisho wa 1997, jiwe lilinawiri mpaka vikombe vikaongezeka, na Timothy alikuwa wa kwanza kuja kutuita tukaone. Ukame wa 2000 ulipoingia madoa yalikauka yakawa kama ngozi ya kiatu cha zamani. Rebecca alichota maji ya kisima cha kuchimbwa akataka kuyanyunyizia. Alipompigia Omolo kwanza kwa simu ya kibanda, Omolo alimzuia, akamwambia maji yetu yale yana chumvi, yatamaliza kazi ambayo jua limeanza. Alimwambia asubiri tu, imelala. Basi wakasubiri, yeye na mumewe, kila asubuhi wakienda kuangalia. Ukungu ulipokuja Julai niliwakuta wamekaa pale chini wote wawili, wazee wazima, Timothy amevua kofia.

"Imeamka," akaniambia kwa sauti ndogo, ungedhani kuna mtoto amelala.

Wanunuzi nao hawakukoma. Kipande chenye jiwe kilikuwa kimebaki kati ya ploti za watu, karibu na barabara mpya ya ndani, na kilitamaniwa. Timothy alikuwa akiwaambia, "Hiyo hapana." Nilimsikia kwa masikio yangu. Mtu aliyeshindwa kukataa maisha yake yote alijifunza neno hilo uzeeni, na alilitumia kwa kitu kimoja tu. Rebecca akimsikia alikuwa anainamisha uso kwenye kazi yake, lakini mabega yalimsaliti.

Kile kilima cha Kajiado kilikuwa kimekwisha. Watu wa kokoto walikipasua, na Omolo alifika akakuta shimo na mashine. Alipotuambia alionekana kama mtu aliyetoka matangani. Kwa hiyo siku moja aliwachukua Rebecca na Timothy kwa gari la kazi hadi Kona Baridi, waone pale palipobaki, na mimi nikajipakia pia bila kualikwa. Upepo wa pale unaweza kukuvua kilemba. Rebecca alipeleka kiganja chake karibu na mwamba, hakuugusa.

"Kumbe iko na ndugu," akasema.

"Huyu mmoja tu," Omolo akajibu.

Mwaka wa 2005 Timothy alianza kuvimba miguu. Zilikuwa figo. Kusafishwa damu kulitaka pesa ambazo hakuna boma la kwetu lililokuwa nazo, na ng'ombe walikuwa wameuzwa mmoja mmoja mpaka zizi likabaki na ndama na mbwa. Kulikuwa na kipande kile tu. Mnunuzi alikuwa tayari, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aitwaye Waweru, na hakuwa mtu mbaya.

Nilikuwepo Rebecca alipomsihi. Alipiga magoti kando ya kitanda, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akipigia mtu magoti isipokuwa kanisani.

"Uza hiyo jiwe, Baba Nailantei. Mimi ndio nilikuuliza usiuze, na mimi ndio nakuambia uza."

"Hapana."

"Nataka wewe. Sitaki jiwe."

Timothy alikuwa amekwisha, uso umekuwa wa rangi ya udongo. Alimshika mkono. "Mama Nailantei, kila kitu nilikuambia sitauza, nimeuza. Hii moja niachie."

Alimsihi tena kesho yake, na kesho kutwa. Nailantei alikuja kutoka Matasia akamsihi. Mchungaji Isaac alimsihi. Mimi nilimpigia kelele, mgonjwa, Mungu anisamehe, nikamwambia hakuna jiwe lenye thamani ya mtu. Alinitazama kwa upole akaniuliza kama kwangu hakuna kazi. Yule mtu wa kusema ndio alikufa akisema hapana, Juni 2006, na Rebecca alikuwa amemshika kichwa.

Siku ya kumchukua mochari tulikwenda watatu, Rebecca, Nailantei na mimi, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Mazishi yalikuwa yafanyike nyumbani kesho yake, na kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na korongo. Boma tuliliacha mikononi mwa akina mama wa kanisa. Kiongozi wao alikuwa Akoth, muuza samaki wa sokoni, mwanamke wa moyo mkubwa ambaye alikuwa amelala kwa Rebecca tangu siku ya msiba, akipika, akifua, akiamkia kila mgeni. Nisiseme uongo, katika kilio kile hakuna aliyefanya kazi kama Akoth.

Mnajua sisi tulivyo. Mgeni mkubwa akija, au msiba ukiingia, tunafagia hadi tunafagia udongo wenyewe, halafu mawe yote ya njiani tunayapaka chokaa. Hakuna anayejua nani alianzisha. Shule inapaka, kituo cha polisi kinapaka, kanisa linapaka. Bila mawe meupe tunaona kama hatujamheshimu mtu.

Tulifika na gari la maiti saa za alasiri. Njia kutoka langoni ilikuwa imepangwa mawe meupe pande zote mbili. Hema lilikuwa limesimamishwa nyuma ya nyumba. Na nyuma ya hema, palipopangwa jeneza likae watu wakipita kumuaga mzee, jiwe lilikuwa jeupe. Lote, juu hadi chini, upande wa jua na upande wa korongo. Katikati walikuwa wameandika kwa rangi ya buluu, herufi nzuri zilizopimwa kwa rula, LALA SALAMA MZEE TIMOTHY.

Akoth alikuja mbio kutupokea, mikono yake ina chokaa hadi kwenye viwiko, macho yamevimba kwa kulia.

"Mama Nailantei, tulijua vile unapenda hii jiwe, wewe na mzee. Tukasema hatuwezi iacha chafu siku yake. Tumeisugua na brashi ya waya kwanza, mpaka ule uchafu wote ukatoka, ndio tukapaka."

Nyuma yake wale akina mama walikuwa wamesimama na ndoo zao, wamechoka, wakingoja kuona kama amefurahi.

Nilifungua mdomo, na Mungu anajua nilichotaka kusema, lakini Rebecca alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu hata bangili yangu ikaniumiza. Alitembea hadi kwenye jiwe, upande wa korongo. Aliweka kiganja pale ambapo kila mwaka alikuwa akishikilia plastiki, na kiganja kikarudi cheupe. Alikaa ameutazama mkono ule. Ndani ya gari Timothy alikuwa bado hajashushwa.

Kisha akageuka, akamkumbatia Akoth. "Ashe oleng," akasema. "Asanteni nyote. Mmefanya kazi mzuri."

Jioni, wageni wakila, nilimfuata jikoni. Nilimwambia lazima waambiwe, wajue walichofanya. Alikuwa anaosha mkono katika karai.

"Hapana, Mama Cindy. Hao wamelilia mzee wangu na hizo brashi. Nikiwaambia, watabaki na nini?"

Omolo alikuja wiki iliyofuata, na sukari na majani chai. Alipiga magoti mbele ya jiwe kama siku ile ya kwanza, akakwangua chokaa kwa ukucha, akasogeza lenzi hapa na pale, akazunguka jiwe lote. Jua lilisogea hadi kivuli chake kikafika mlangoni. Aliporudi hakukaa chini.

"Haiwezi kurudi?" Rebecca akamuuliza.

"Pengine upepo ulete kutoka Kona Baridi. Lakini chokaa imeharibu jiwe yenyewe, mama. Mimi na wewe hatutaiona." Halafu akavua miwani, na safari hii hakukuwa na mzaha wa kumchekesha.

Rebecca alimwomba asimwambie mtu yeyote wa kanisani. Omolo akaahidi. Alipoondoka ndipo kwa mara ya kwanza nilimsikia Rebecca akilia kwa sauti. Alilia akisema angeuza. Angemdanganya, angemlazimisha, angeenda kwa chifu, angeuza kipande kile na Timothy angekuwa amekaa pale mlangoni na kofia yake, akiudhi watu. Alikuwa amekubali kumpoteza mume kwa sababu aliona walau neno lake limebaki. Mimi, niliyejaliwa domo lote hili, nilishika tu bega lake lililokuwa likitikisika, na hakikuwa kicheko.

Mwaka uliofuata alimwita Waweru. Nailantei alikuwa amemwambia ahamie Matasia, na alikuwa amekubali. Waweru alizunguka kipande kile na fundi wake, akipima kwa hatua na kuliacha kaburi nje ya vipimo, mpaka wakafika kwenye jiwe. Mvua zilikuwa zimeosha chokaa nusu, na katika maandishi ya buluu ilibaki LALA peke yake. Waweru alikuwa mtu wa adabu. Alivua kofia, akauliza kwa uangalifu kama kuna mambo ya kimila ya hilo jiwe, maana alikuwa amesikia mzee aliwahi kulikataza, na yeye asingependa kulipasua halafu aletewe maneno.

Rebecca alikuwa ameshika birika, anataka kuwamiminia chai.

"Pasua," akamwambia. "Ni jiwe tu."